Nevertheless na Sauti ya Mama

Juzi mafua yalinishika vibaya, nikafanya walivyokuwa wakifanya wazazi wetu: nikachemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa, nikajifunika blanketi na kuinamisha uso juu ya mvuke. Sikufika hata nusu ya kujifukiza. Harufu ile ilipoingia puani niliona jiko letu la kule milimani, juu ya Lushoto, moshi umetanda kwenye paa, baba kachuchumaa mbele ya mafiga anapuliza moto, na mama kakaa kwenye kigoda, kimya, shingo imefungwa bandeji nyeupe. Nilijifunua, nikakaa kitandani jasho likinitiririka, nikaanza kucheka peke yangu. Mume wangu akauliza kama homa imepanda. Nikamwambia hapana, nimekumbuka neno moja la Kiingereza.

Mama alikuwa na rovu. Wanawake wengi wa kwetu walikuwa nalo, na hakuna aliyeshangaa kuona shingo ya mtu imevimba. Walijifunga mtandio na maisha yakaendelea. La mama lilianza dogo, kama limao. Alipomzaa mdogo wangu Nuru likaanza kukua kwa haraka, na ikafika mahali akipanda kilima na mzigo wa karoti kichwani alisimama kila kona, akihema kwa sauti ya mluzi. Mtandio haukutosha tena kulificha. Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alimwambia siku moja wakati tunapalilia kabichi, "Mama Elia, hilo jambo sasa liende hospitali." Elia ni kaka yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ameshateremka Magoma kufanya kazi za mashamba. Nyumbani tulibaki wanne.

Mama hakuogopa kisu. Aliogopa jambo moja tu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu, na watu wa kwetu mnajua maana ya hilo kwa Walutheri wa milimani. Jumapili, kabla kinanda hakijaguswa, macho ya kwaya nzima yalikuwa kwake. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, isiyotetemeka, na akiipandisha ungedhani ataishiwa, halafu inapanda tena. Baba mwenyewe hakuweza kuimba hata kidogo, alikuwa anakosea hata wimbo wa Krismasi, lakini alikuwa hakosi mazoezi ya kwaya. Alikaa kwenye benchi la nyuma, kofia mapajani, akisikiliza.

Basi tulipompeleka hospitali ya misheni, ambako daktari bingwa kutoka ng'ambo alikuja mara kwa mara kupasua wagonjwa, mama alimshika muuguzi mkono akamwambia, "Dada, naomba umuulize mgeni swali langu moja. Muulize, nitaimba?" Muuguzi akamweleza mzungu kwa Kiingereza. Mzungu, mzee mrefu mwenye nyusi nyeupe, akamtazama mama kwa makini, akasema kitu kifupi. Muuguzi akatafsiri: "Anasema atakujibu akishaona ndani."

Walimpasua. Siku iliyofuata mimi na baba tulimpelekea uji. Mama alikuwa amelala kwa nguvu za dawa, mdomo wazi kidogo, mrija umetoka shingoni. Baba akaitwa dirishani kwa dawa, nikabaki peke yangu pembeni ya kitanda. Hapo ndipo wakaingia mzungu yule na daktari wetu kijana. Nikasimama, nikatoa shikamoo. Daktari kijana akaitikia, yule mwingine akanitabasamia, kisha wakaanza kuzungumza Kiingereza juu ya mama yangu.

Sasa, mimi nilikuwa darasa la sita, na kwa Kiingereza nilikuwa wa kwanza. Nieleze hapo, maana wenzangu wa rika langu mtacheka. Kuwa wa kwanza katika Kiingereza kwenye shule yetu kulimaanisha kujua maneno mengi yaliyotawanyika kama maharage yaliyomwagika, bila kujua yanavyokaa pamoja. Nilijua weak, kwa sababu kwenye kitabu cha kusomea kulikuwa na mzee aliyekuwa weak. Nilijua voice. Nilijua less kutoka hesabu. Na nilijua never kuliko maneno yote, kwa sababu ilibandikwa ukutani darasani: Never play with fire. Never tell a lie. Tulikuwa tunaikariri kila asubuhi kwa kelele. Never ni kamwe.

Mzungu alisema maneno mengi yaliyonipita. Nikaikamata voice. Nikaikamata weak. Kisha akamtazama mama aliyelala, na akasema taratibu, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa, maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Nevertheless, she will sing."

Never. The. Less. Kamwe, na pungufu juu yake. Nikayaunganisha pale pale, nimeshika kibuyu cha uji: kamwe, hata kidogo, ataimba. Yaani hataimba. Daktari kijana akatikisa kichwa kukubali, wakaenda kwenye kitanda kingine.

Baba aliporudi na dawa, muuguzi alimwambia kwa Kiswahili mambo ya kufuata: mama asiongee mpaka siku ya kliniki, hata kwa kunong'ona asizidishe, ale vitu laini, kidonda kisiloane. Juu ya kuimba hakusema kitu, na baba hakuuliza. Baba yangu alikuwa mtu anayeweza kubishana na mnunuzi wa kabichi mpaka mnunuzi akachoka, lakini mbele ya koti jeupe alivua kofia na kusema "Ndiyo, asante."

Nilimwambia njiani tukirudi. Tulikuwa tumesimama kupumzika pale barabara inapopita katikati ya miti ya miwati, ukungu unapanda kutoka bondeni. Nikasema, "Baba, yule mzungu alisema kwa Kiingereza mama hataimba tena."

Baba hakugeuka. "Alisema hivyo?"

"Alisema kamwe. Hata kidogo."

"Wewe ulimsikia vizuri?"

"Nilimsikia, baba."

Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Hakunitilia shaka. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyekuwa nikisoma maandishi ya kwenye makopo ya dawa za mimea. Kiingereza kilikuwa changu. Mwisho akasema, "Usimwambie mama. Tutasubiri kliniki, daktari amwambie mwenyewe." Tukaendelea kutembea mpaka nyumbani.

Mama aliporudishwa, nyumba iligeuka. Alikuwa akituita kwa kugonga kijiko kwenye sufuria: kugonga polepole ni mimi, kugonga harakaharaka ni Nuru, ambaye alikuwa na umri wa kukimbia kila mahali. Alipojaribu neno moja moja, ilitoka hewa yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Kila nilipoisikia hewa ile nilijiambia, ndiyo hiyo, ndiyo kamwe yenyewe. Ushahidi ulikuwa mbele yangu.

Baba naye akaanza mambo yake. Alitoa betri kwenye redio, akasema zimeisha, kumbe alikuwa ameziweka mfukoni, hakutaka Jumapili kwaya za redioni zimwumize mama. Wanakwaya walipotaka kuja kumwimbia mgonjwa, kama ilivyo desturi, aliwakuta kwenye njia ya kuja kwetu akawarudisha kwa upole, akisema mama anahitaji utulivu. Alichanja kuni, alichota maji, aliosha vyombo, alichemsha majani ya mkaratusi asubuhi na jioni ili mama ajifukize, ingawa hakuna daktari aliyeagiza. Hakuwa amewahi kuosha chombo maishani. Jirani mmoja alimwona amekaa na sufuria na majivu akadhani amechanganyikiwa.

Hatukufikiria kwamba mama alikuwa na macho. Alituona tukinyamaza akiingia. Aliona wenzake wa kwaya hawaji. Aliona mume wake anaosha masufuria na kumtazama kwa pembeni. Akaweka hayo yote pamoja, kama mimi nilivyoweka never na less, na jibu lake likawa baya kuliko langu.

Alasiri moja tulikuwa wawili jikoni tukimenya viazi. Akanivuta karibu, akaninong'oneza kwa hewa ile ya mikwaruzo, "Unaweza kumsuka Nuru mwenyewe?"

"Mistari mikubwa naweza, mama."

"Ujifunze midogo." Akapumzika kidogo. "Nguo za kitenge kile cha kijani zitakuwa zako ukikua. Hicho cha bluu mpe Nuru. Na baba yako usimwache ale viporo, tumbo lake ni bovu."

"Kwani wewe unakwenda wapi?"

Alichukua kiazi kingine akaendelea kumenya, maganda yakitoka membamba na marefu, na nikaona tone limeanguka kwenye beseni. Nilidhani mama alikuwa ameamka kidogo pale hospitali akasikia kitu ambacho mimi sikukisikia. Kwamba ile sentensi ilikuwa na sehemu nyingine. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya zizi la mbuzi, nikajaribu kukumbuka kila sauti iliyotoka kwenye kinywa cha mzungu yule. Nilipata zilezile tu. Voice. Weak. Nevertheless.

Kesho yake shuleni sikucheza. Kipindi cha Kiingereza kilikuwa cha Mwalimu Agnes, mwanamke mfupi mwenye sauti ya juu, ambaye alikuwa hatumii fimbo lakini alikuwa na jicho ambalo lilitosha. Siku hiyo alikuwa anafundisha maneno ya kuunganisha sentensi. Aliandika ubaoni but, tukaimba: lakini. Akaandika although, tukaimba: ingawa. Kisha akaandika neno refu, nikaona never imekaa mwanzoni mwake. Chini yake akaandika: It was raining. Nevertheless, we went to school.

Nilinyoosha mkono kabla hajauliza swali. "Mwalimu, kwa hiyo hawakwenda shule?"

Darasa likacheka. Mwalimu Agnes akawanyamazisha kwa lile jicho. "Nani amekuambia hawakwenda?"

"Never ni kamwe, mwalimu. Ipo ukutani."

"Never ni kamwe, ndiyo. Lakini ukilikata hili neno vipande, kila kipande kitakudanganya. Halikatwi. Zima lote maana yake ni hata hivyo. Pamoja na hayo. Mvua ilinyesha, hata hivyo, tulikwenda shule. Jambo la kwanza lilitaka kuzuia la pili, likashindwa." Akagonga ubao kwa chaki. "Ni neno la heshima. Mzungu akiwa sokoni ananunua matunda atasema but tu, inamtosha. Hili utalikuta kwenye mahubiri, mahakamani, kwa watu wanaopima maneno kabla ya kuyatoa. Na mkiliandika, baada yake mnaweka mkato, msomaji avute pumzi, ajue habari inageuka."

Nikabaki nimesimama. "Mwalimu, mtu akisema nevertheless, she will sing?"

"Hata hivyo, ataimba."

"Siyo kwamba hataimba?"

"Ataimba. Will ni will." Akanitazama vizuri. "Kabla ya hapo alisema nini?"

"Alisema voice. Alisema weak. Mengine sikuyajua."

Chaki ikashuka. Mwalimu Agnes alikuwa anasali usharika wetu. Alijua kwaya ilikuwa inaimba bila nani. Alikuja mpaka kwenye dawati langu, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani aliyesema? Daktari wa mama yako?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Sikiliza. Mimi sikuwepo, na siwezi kumsemea daktari. Ila kama alisema hivyo unavyonieleza, basi alisema sauti itakuwa dhaifu, halafu akasema hata hivyo, mama yako ataimba. Chukua mfuko wako uende nyumbani."

Sijawahi kukimbia vile. Njia yetu inashuka kwa kona nyingi, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeifanya iwe kama sabuni. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Baba alikuwa kwenye tuta la kwanza la kabichi. Aliponiona natoka shule kabla ya wakati, nimejaa tope, jembe likamtoka mkononi.

"Kuna nini?"

"Ataimba!"

"Nani?"

"Mama! Ile siyo kamwe, baba. Ni hata hivyo! Mwalimu Agnes amesema. Daktari alisema hata hivyo ataimba!"

Alinitaka niseme tena, polepole. Nikamweleza mvua, shule, mkato, kila kitu. Baba akakaa. Akakaa pale pale, kwenye udongo uliolowa, katikati ya kabichi zake, akaziba uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia, na nadhani alianza kwa kulia, lakini alipoitoa kofia alikuwa anacheka. "Hata hivyo," alisema. "Hata hivyo! Maneno gani haya ya kuua watu." Kisha akaniuliza kama mama ameonekana kuwa na huzuni, nikamwambia habari ya vitenge na kumsuka Nuru. Kicheko kikamkatika. Akanyanyuka. "Twende. Twende sasa hivi."

Mama alikuwa uani anaanika mahindi, Nuru anafukuza kuku. Baba akasimama mbele yake, suruali imechafuka nyuma, akamwambia yote bila kupumzika: mzungu, Kiingereza, mimi, betri za redio, wanakwaya aliowarudisha njiani. Mama alisikiliza macho yakizidi kukua. Baba alipomaliza, mama akanong'ona, "Kwa hiyo mlikuwa mnanificha kuimba?"

"Kuimba, ndiyo."

"Kuimba tu?"

"Tu. Kulikuwa na nini kingine?"

Mama akaweka ungo chini. Akampiga baba begani, akampiga tena, kwa nguvu. "Mimi nimeshajizika!" alisema kwa ile hewa, na ilikuwa sauti kubwa kuliko zote alizotoa tangu apasuliwe. "Nimeshagawa vitenge vyangu! Nilisema mume wangu anaosha masufuria, basi nimekwisha!" Halafu kicheko kikamshika. Kilikuwa kicheko kisicho na sauti, mwili mzima unatikisika, mkono mmoja umeshika bandeji kuilinda, machozi yanamwagika. Baba akamkataza asicheke, kidonda kitaachia, na yeye mwenyewe anacheka. Nuru akacheka bila kujua sababu. Nilisimama katikati yao, na kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu hospitali kikaondoka, nikahisi njaa kali ajabu. Nilikula viazi vyote vilivyobaki asubuhi.

Siku ya kliniki baba hakubaki mlangoni. Alivua kofia kama kawaida, akamwamkia daktari kijana, kisha akasema, "Daktari, leo naomba uniambie kila kitu kwa Kiswahili, na pole pole, na huyu mtoto wangu asikie." Daktari akaeleza: kuna mshipa wa fahamu unaopita jirani na rovu, ulivutwa kidogo wakati wa kupasua, ndiyo maana sauti imepotea, haukukatika. Itarudi kidogo kidogo. "Mgeni wetu alisema sauti itakuwa dhaifu kwa muda, na huenda isirudi ilivyokuwa," alisema, akageukia mama. "Hata hivyo, utaimba."

Baba akanitazama. Sikuthubutu kumtazama, maana ningecheka mbele ya daktari.

Ilirudi kama alivyosema, na haikurudi yote. Ule wembamba uliokuwa ukipanda mpaka juu uliondoka moja kwa moja. Mama aliposimama tena na kwaya alihamia sauti ya pili, mstari wa nyuma, na msichana mmoja aliyemaliza shule ya wasichana ya Kifungilo akachukua kazi ya kuanzisha. Jumapili ya kwanza alinyamaza ubeti mzima, akiisikiliza sauti yake mpya ya chini kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyesimama karibu. Kwenye ubeti wa pili akaingia. Niliogopa kumtazama baba usoni, lakini nilipogeuka alikuwa ameinamisha kichwa kwenye benchi lake, anasikiliza vilevile.

Lakini ninachokikumbuka zaidi si kanisa. Ni jioni ya kawaida, miezi kadhaa baadaye. Nilikuwa ng'ambo ya bonde nakata majani ya mbuzi, nimechelewa, nimesahau kama kuna nyumbani. Mama alitoka ukingoni mwa uwanja wetu, akaweka mikono mdomoni, akaniita kwa jina langu lote la ubatizo, lile la kuitwa ukiwa na makosa. Liliondoka kwake likavuka bonde zima kwa sauti nzito, yenye mikwaruzo kidogo mwishoni, likagonga mlima wa upande wangu na kurudi. Niliitika, lakini sikuondoka. Nilikaa juu ya mzigo wangu wa majani, nikangoja aniite tena.